Mrija wa Omuse

Jumatatu, 1 Machi 1954

Tororo. Mvua. Nimeacha kazi ya ukalimani. Niliwaambia ni macho. Macho yangu ni mazima.

Naandika ukweli hapa, kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Mwaka 1952, barazani, Mteso mmoja, Omuse, alishtakiwa wizi wa ng'ombe. Akaongea sana. Mimi nilishika mwanzo tu — ndiyo, ng'ombe nilichukua. Halafu maneno ikakimbia, na mimi kichwani bado nageuza ile ya kwanza kwa Kisamia, lugha yangu. Kiteso yangu nilisomea mnadani kwa ng'ombe. Meno, maziwa, bei. Hakimu Mzungu ananiangalia. Watu wote wananiangalia. Nikaona aibu kusema sijasikia.

Nikasema, amekubali.

Akafungwa miaka mitatu. Jioni yake askari wa mlangoni, Mteso, akaniambia: yule alisema ni ng'ombe ya mahari ya dada yake, haikulipwa, ni haki yake. Sikurudi kwa hakimu.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemwona mke wa Omuse, Akurut. Anauza ajono, ile pombe yao ya moto, ya kunywea chunguni. Siku ya kesi alibaki nyumbani na mtoto mgonjwa, sura yangu haijui. Swahili yake ni ya kuuza tu. Kitu kama hiki utakisemaje kwa Swahili ya kuuza? Nitafute mkalimani? Mimi?

Nimemwomba anifundishe Kiteso. Akauliza, mzee kama wewe, ya nini? Nikasema, biashara. Uongo tena.

Jumapili, 4 Aprili

Kwa Akurut wanakaa kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu. Mimi nakaa nyuma, nasikiliza. Wakicheka, mimi nacheka nyuma yao. Jirani yake Benedeta alisema, huyu Msamia anaongea kama mtu ananunua ng'ombe! Akikupa pole ya msiba utafikiri anapunguza bei.

Kweli.

Jumamosi, 15 Mei

Mke wangu Taaka hajajibu barua. Bado yuko kwao Buteba. Siku nzima sijaongea Kisamia na mtu.

Narudia peke yangu chumbani: mume wako hakukubali. Mimi ndiye nilisema. Kwa Kiteso nasema taratibu, kama mtu anavuka mto kwa mawe. Lakini nafika ng'ambo.

Jumapili, 20 Juni

Naandika kwa penseli, nyuma ya ghala ya Akurut. Nimetoka kama mtu anakwenda haja.

Leo alikwenda ukutani, akatoa mrija mmoja kwenye ala yake ya mwanzi. Vumbi tupu. Akanipa mbele ya wote. Akasema, mwalimu gani anaacha mwanafunzi wake akae nyuma? Mrija hii ilikuwa ya mume wangu. Walikuja kuniambia alikubali wizi kwa mdomo wake mwenyewe. Sijakwenda gerezani kumwona hata mara moja, na akitoka hataingia kwangu. Shika wewe.

Alisema haraka, kama wanavyosemezana wenyewe. Na nilisikia yote. Neno kwa neno, hakuna Kisamia katikati. Miezi mitatu nimeomba siku hii.

Mrija iko mkononi. Sijaigusa na mdomo.

Benedeta anaita, Msamia, pombe inapoa, umezama huko?

Akurut anamwambia, mwache mzee wangu, anatafuta maneno.

Maneno ninayo.