Agnès Kasonde na frigo ya chumba cha nyuma

Mwaka umetimia, Agnès, tangu siku ile gari lilipokuwa limeshaanza kutembea na jeneza lako, waimbaji wa parokia nyuma yake, na kaka yako Liévin akaruka chini, akarudi nyumbani mbio. Alikumbuka moto. Mama alitufundisha: mtu akifa, moto wake unazimwa kabla hajafika kaburini, ili aende bila kugeuka.

Ulikuwa mpole, lakini si wa kuchezewa. Mtoto wa mtu wa reli, ukasoma mpaka ukawa profesa, na bado ulipanga foleni ya maji Kampemba na ndoo yako. Chai ulikunywa imepoa kila siku, maana uliisahau.

Liévin, ambaye shule aliionja tu, alikuuliza unatafuta nini miaka kumi na nane katika damu ya watoto wa SS, yaani wenye selimundu, wale wanaoumwa mifupa. Ukamweleza polepole. Mtoto akiwa tumboni ana damu ya namna nyingine, nzuri. Akizaliwa, ujumbe unaingia ndani ya seli, unapita mkono kwa mkono, mpaka ile jeni ya damu ya kwanza inafungwa. Kwa wachache haifungwi sana, nao hawaumwi sana. Ulitaka kujua ujumbe unapita wapi, na uzuiliwe kwenye mlango gani.

"Yaya, weye hauwezi kukaa fasi moja ata juma mbili," ulimwambia kaka yako ukicheka. "Huu ujumbe nao ni vile vile. Nikifika, umekwisha kwenda."

Chupa mia nne za damu ulizitunza nyumbani, katika frigo ya chumba cha nyuma, kwa sababu umeme wa maabara ulikatika kila mara. Hapa nyumbani Désiré, mtoto wa dada yetu Mado, alikuwa amekufungia sola imara.

Siku ile Liévin alimwaga maji kwenye mbabula, lile jiko lako la makaa, akazima taa, akazima redio. Akasikia frigo inanguruma. Akaona huu nao ni moto wa Agnès. Akachomoa waya, akakimbilia makaburini.

Siku ya tatu ya kilio mwanafunzi wako Syntiche akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Barafu ilikuwa imeyeyuka, damu yote imeharibika, maji yamefika korido. Liévin akasema ni sola imekufa. Syntiche akautazama waya sakafuni, kisha akamtazama yeye.

"Papa, kama ni sola, basi ni sola," alisema, akaomba kitambaa cha kupangusa.

Pasaka Liévin alituambia ukweli, nasi tukanyamaza pamoja naye. Huku nje watu walimwita Désiré fundi aliyeua kazi ya Prof. Leo tunasema mbele ya wote: sola ya Désiré haikufa. Liévin alichomoa waya kwa heshima yako. Uongo ulikuja baadaye, kwa woga.

Hatujakuacha hata siku moja, wala hatutakuacha. Wanaokutaja ni hawa. Mado, dada yako, magoti yanamsumbua. Syntiche amezunguka mitaa yetu ya Kenya na Kampemba akiomba damu upya. Amepata chupa mia mbili na sita, na watoto tisa wa zamani hakuwakuta hai. Désiré alifunga karakana, anabeba watu kwa pikipiki. Alisoma karatasi hii kabla haijatoka, akairudisha, akawasha pikipiki. Liévin, kaka yako, juzi alikuwa Kolwezi, jana Kamina.