Uso wa Baba Uwanjani

Vila Fragosa,
mwezi wa Mei

Kaka yangu Adelino,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo wako unaendeleaje, na Odile na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ukiacha magoti ya Mama, ambayo umeyazoea, na kikohozi changu kilichoingia na baridi ya Februari na sasa kinajiona ndicho mwenye nyumba.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unapiga, unafoka, unakata. Hasira zako nazijua tangu utotoni na sikulaumu. Lakini kuna mambo yasiyosemeka wakati mtu anafoka.

Fausto wa buchani amekwambia kwamba sanamu ya Nahodha Duarte Lobeira imeng'olewa. Ni kweli. Kreni ilikuja Jumanne asubuhi, wakamfunga mikanda kifuani na kumwinua. Uwanja ulijaa watu. Wengine walipiga makofi, wengine walilia, na Fausto alisimama mlangoni na aproni yake ya damu akipaza sauti kwamba bila Lobeira hakuna ambaye angelijua hata jina la mji huu, na kwamba leo wanamng'oa Nahodha, kesho watakuja kumng'oa yeye. Mtu akamjibu, "Wewe Fausto, na tumbo hilo, itatafutwa kreni gani?" Wakacheka hata waliokuwa wanalia.

Sehemu hii wasomee watoto, maana hawaijui. Lobeira, baharia anayesifiwa kwa kuigundua Afrika, alikufa karne tano zilizopita bila kuacha hata mchoro wa sura yake. Mchongaji alipotoka mji mkuu, Lizaboni, kuja kumtengeneza, ilibidi autafute uso mjini. Akamwona Baba akipigilia mapipa mbele ya karakana, akamwomba akae atulie. Ndiyo maana pua ile ni ya Baba, kidevu ni cha Baba, na hata lile kovu la kwenye nyusi. Baba alikuwa akisema, "Mimi Lizaboni kwenyewe sijafika, lakini Afrika nimeigundua!" Kuogelea alikuwa hajui. Mji mzima ukamwita Nahodha, na sisi tukawa watoto wa Nahodha, tukitembea vifua mbele.

Tangu tumzike Baba, Mama amekuwa akienda uwanjani kila asubuhi. Siku hizi anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na Zulmira, mlezi wake kutoka visiwa vya Cabo Verde, huko Afrika, yule ambaye mwaka jana wali wake wa maziwa ulikufanya uombe sahani ya pili. Mama akifika humweleza Baba bei ya samaki wa chumvi, nani kaoa, nani kazikwa. Jina la Nahodha halitaji. Anamwita Joaquim.

Asubuhi moja ya Oktoba niliwafuata kumpelekea Mama shali aliyoisahau. Nilimkuta anaongea na Baba, lakini Zulmira sikumwona. Nikazunguka, nikamkuta amekaa upande wa nyuma wa sanamu, kwenye jiwe la kivulini, na benchi la mbele liko tupu, linapigwa na jua. Nikamwuliza mbona anajitesa na baridi. "Hapa pananitosha, dada," akasema. Nikarudi mbele, nikautazama ule ubao wa shaba ulio chini ya miguu ya Baba. Unaukumbuka? Tulikuwa tukikanyaga vile vichwa vilivyochongwa ili tupande juu. Ni watu, Adelino. Wamefungwa kamba shingoni, wamepigishwa magoti, na mmoja ni mama aliyempakata mtoto. Lobeira aliwaleta kwa meli akawauza pale pale uwanjani. Tulifundishwa shuleni, si kwamba hatukujua. Ila mimi miaka yote nilikuwa namtazama Baba usoni, na macho yangu hayakuwahi kushuka mpaka kwao. Nililia pale pale, Mama akadhani namlilia Baba.

Hoja ya kuing'oa sanamu ilipoletwa kwenye halmashauri baada ya Krismasi, mimi ndiye niliyependekeza tung'oe ubao tu, sanamu ibaki. Nilidhani nimepata dawa. Diwani mwenzangu Brites, yule mwalimu, akaniuliza kwa upole kama ninachotaka ni kumfutia Lobeira makosa yake na kumwachia heshima. Mwenyekiti naye akasema mtu yule alikuwa jasiri, alivuka bahari isiyo na ramani. Brites akamjibu kwamba hata waliokuwa chini ya sitaha waliivuka bahari hiyo hiyo.

Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Wanne walitaka abaki, wanne walitaka aondoke, nikabaki mimi. Kaka, umeapa kwa kaburi la Baba kwamba likizo hii ya Agosti hutakanyaga hapa, na kwamba huwezi kula meza moja na msaliti aliyemwangusha. Msaliti huyo ni mimi. Mkono wa tano ulikuwa wangu.

Mama nilimdanganya. Nilimwambia nimepigana mpaka mwisho, wametushinda. Akaushika mkono wangu, ule ule, akaupapasa na kusema, "Pole, mwanangu."

Nilimweleza Zulmira, nikitarajia sijui nini, labda ahsante. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Hukuniuliza, dada. Ungeniuliza, ningekwambia mwondoeni. Lakini mzee Joaquim nilikuwa namsalimia kila siku, na yeye nitamkumbuka." Kisha akaniambia Mama nimweleze mwenyewe, maana yeye siri hiyo hanibebei.

Tangu Jumanne Mama hatoki. Zulmira akimvalisha koti, anauliza, "Twende kumwona nani?" Picha ya arusi imefifia, uso wa Baba umebaki doa jeupe. Juzi nilikwenda kwenye ghala la manispaa walikomweka. Amelazwa chali kati ya mapipa ya taka yaliyovunjika. Nikamfunika turubai, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Na jambo linalonikosesha usingizi ni hili: wakiniita kesho kupiga kura ile ile, nitauinua tena mkono huu.

Jumapili baada ya chakula nitamwambia Mama ukweli. Nimekwambia wewe kwanza ili yeye asilazimike kukuficha.

Zulmira anakusalimu na anasema sahani yako ipo. Msalimie sana Odile, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Njoo Agosti, Adelino, hata kama si kwa ajili yangu. Kadiri unavyozeeka unazidi kuwa Baba. Mwaka jana ulipoingia mlangoni Mama alishtuka, hakukwambia. Asubuhi weka kiti chako mbele ya chake, penye jua, umwache akueleze bei ya samaki. Kama hutaki kuniona, hutaniona. Nitakaa nyuma yako, kivulini.

Mimi dada yako,
Hermínia