Jina la Baba Halina wa Kuitika

Nshambya, Jumanne

Kwa hiyo ni spishi mpya kweli. Majibu ya maabara yamekuja asubuhi: chura wangu wa matete hafanani na yeyote anayejulikana. Ningepaswa kushangilia.

Ilibaki kurekodi sauti ya dume tu, maana rangi zao hudanganya. Hata wale niliowahifadhi kwenye spiriti walikuwa wa kijani, sasa ni weupe kama ugali. Jioni nikarudi bondeni nilikompata, kule Muleba, karibu na Rubya. Matete hakuna. Wamechimba mitaro, maji yote yamekwenda, na miche ya mikaratusi imesimama kwa mistari.

"Mwalimu, nina watoto shuleni," akasema Ta Rwiza, mwenye shamba, bila ugomvi. "Chura angenisaidia nini?"

 Swali hilo linaniudhi mpaka sasa kuliko mitaro yake.

Nilisubiri mpaka giza likaingia. Mbu tu.

Nilipomwambia mama kwamba chura huyu nitampa jina la marehemu baba, alikasirika sana. Kwetu jina la marehemu hupewa mjukuu, ili liwe na wa kuitika. Lakini mimi ni mtoto wake wa pekee, na sijazaa. Mwishowe akakubali, akaanza hata kumwulizia huyo chura.

Amepiga simu kutoka Kanazi sasa hivi. "Umempata? Niwekee nimsikie anavyoitika."

Nikatazama kinasa sauti changu kitupu.

"Haloo?" akaita mama. "Haloo? Mwanangu?"

Mtandao ulikuwa mzuri. Sikuitika.