Theluji Badala ya Udongo

Mwalimu Wafula,

Ninakuandikia nimesimama hapa jikoni, karatasi juu ya mashine ya kufulia, kwa sababu kukaa chini kumenishinda tangu uende. Wenzangu wa chumba wananiambia, "Shiru, utatoboa sakafu ya wenyewe." Waache waseme. Huu mtaa wetu wa International City nimeuzunguka wote kwa miguu, kwenye joto hili, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Na bado nina hasira na wewe, acha nikwambie. Miaka yote uliyofundisha watu kuteleza na ubao ndani ya lile jengo la theluji ya kutengenezwa, humu humu jangwani, baridi haikukupa hata mafua. Halafu unaenda likizo kwenu Bungoma, kwenye jua na mahindi ya kuchoma, unauawa na nimonia! Ai, Wafula. Hata wewe mwenyewe ungecheka.

Niliomba ruhusa nije kukuzika. Sir, bosi wetu, akasema, "Inshallah, mwezi ujao," kana kwamba maiti husubiri. Kwa hivyo nilikuzika kwa simu. Dada yako Nekesa aliishika vizuri, nikaona jeneza likishuka, nikaona watu wamejipanga kuchota udongo. Mama yako akawa wa kwanza. Akainua mkono, na hapo hapo network ikakwama. Picha iliporudi watu walikuwa wanakula.

Wewe unajua kwetu. Mtu ambaye hujamtupia udongo, hujamzika. Mpaka leo asubuhi mkono wa mama yako ulikuwa bado umeinuka akilini mwangu, na ule udongo haujaanguka. Nitaketije?

Sasa sikia. Wamenipa darasa lako. Mimi, wa kugawa buti za kukodi, eti nifundishe waanzaji! Ni kwa majaribio tu. Sir alisema nikiharibu, yalla, haraka nirudi kwa buti zangu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukinipandisha kwenye mteremko kunifundisha kila zamu ikiisha, na ile siku ya kwanza uliponisukuma mgongoni bila kunionya. Mguu wangu wa kulia ukatangulia, nawe ukasema, "Khalas, basi, huo ndio utakaokaa mbele kwenye ubao." Nilikutukana kwa Kikuyu chote nilichonacho. Ukasema pole huku unacheka. Na ukaniambia, "Shiru, mtu wa siku ya kwanza huiga kila kitu. Mwalimu akijikuna, naye atajikuna." Nilidhani unatia chumvi.

Basi leo nikasimama mbele yao. Watu wazima wa ofisi moja, makoti yamewazidi, wamekumbatia mbao zao kama masinia ya chai. Kule juu mabingwa walikuwa wanaruka na mbao zao juu ya vyuma vya mchezo, kelele tupu. Nikawaonyesha kuanguka jinsi ulivyonifundisha, makalio kwanza, ngumi zimefungwa ili vidole visikatwe na mbao za wanaopita. Wakati wa kuinuka nikajikuta nimepiga magoti pale ulipozoea kusimama wewe, chini ya ile taa isiyowaka. Haki ya Mungu sikupanga. Mkono wenyewe ulichota theluji. Nikainuka, nikaitupa chini mbele yangu, nikasema moyoni, "Lala salama, ndugu yangu." Machozi yakajaa ndani ya miwani.

Kugeuka, namwona mzee mmoja Mhindi amepiga magoti. Akachota theluji, akainuka kwa shida, akaitupa palepale nilipotupa mimi, kwa uangalifu wote, kama yuko kwenye mtihani. Nyuma yake msichana Mfilipino. Halafu wengine, mmoja mmoja, kwa foleni. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Walidhani ni somo! Wafula, umetupiwa na watu wasiojua hata jina lako, na kila mmoja akimaliza ananitazama kuona kama amepatia. Nikawaambia, "Vizuri sana." Nililia na kucheka kwa pamoja, na sir alikuwa anatutazama kupitia kioo.

Nikajua kazi imekwenda. Baadaye akaja, akajishika kidevu, akasema, "Lile zoezi la kupiga magoti ni zuri, linawafundisha kuinuka. Uliendeleze." Nikamwambia, "Sawa, sir."

Miguu bado inaniwasha, sikudanganyi. Lakini mkono wa mama yako umeshuka.

Nenda salama, Mwalimu. Likizo yangu ikifika nitakuja Bungoma nikutupie udongo wenyewe. Mpaka siku hiyo, kila darasa nitakalopewa litapiga magoti chini ya ile taa, lichote, litupe. Nitawaambia ni zoezi.

Ni mimi,
Shiru wa buti