Doa Limetoka, na Wageni Pia

Kileleshwa, Nairobi
10 Julai 2025

Mpendwa dada Virginia,

Pokea salamu za ndugu yako. Magoti yako yanaendeleaje huko Kanada? Mimi mzima wa mwili, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mke wangu Anita aende Ujerumani kumsaidia binti yetu Kui kulea mtoto.

Utanicheka. Mwezi jana nilitoa sufuria ya githeri motoni nikaiweka moja kwa moja juu ya meza ya Anita, ile ya mahogani. Nilipoiinua, duara jeupe! Nikasugua kwa sabuni, wapi. Unamjua Anita na meza yake, na wakati huo alikuwa arudi Agosti.

Nikamwambia jirani yangu Wambua. Akaja na dawa ya meno, tukapaka, doa likakaa vilevile. Kesho yake Mzee Shamsudin wa ghorofa ya chini akaleta mafuta ya nazi na majivu, akakaa kwa chai hadi magharibi. Mwishowe akaja Kinyanjui, fundi mstaafu wa samani, akatugombeza: "Wacheni kusugua! Hiyo ni mvuke imeshikwa na vanishi. Leta pasi."

Tukatandika taulo kavu, tukapitisha pasi ya vuguvugu isiyo na maji, kidogo tu, tukainua, tukatazama, tukarudia. Doa likafifia mpaka likaisha. Tulishangilia, dada, wazee wazima!

Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi. Tukikutana kwenye ngazi ni "sasa" na "poa", kila mtu na shughuli zake. Anita naye amesema atakaa huko mpaka Desemba. Meza inang'aa na ninakula peke yangu. Upweke umenishika vibaya.

Jana nikampigia Wambua nikamwambia doa limerudi. Akasema, "Usiguse kitu, mzee. Jumamosi tunakuja wote." Nimeshanunua maziwa na mandazi, na mezani hakuna hata alama.

Nilitaka kuweka sufuria nyingine ya moto. Nimeghairi. Nitawaambia tu kwamba hakuna doa, nilitaka watu. Niombee wasiondoke kabla ya chai.

Msalimie sana shemeji Dan, na mpwa wangu Jeremy pia. Mungu awakinge na baridi na awape wa kuzungumza naye kila jioni.

Wako akupendaye,
Gerishon