Vipande Vyeupe Ndani ya Culasse ya Riziki

Alhamisi. Mvua imeanza kabla hatujaamka, na hapa Mangobo njia yote imegeuka matope. Sokoni sikwenda. Nimekaa na simu yangu, nguo bado mbichi mgongoni, na moyo haujatulia tangu juzi.

Wanaonisoma wanajua: binti yangu Riziki ni fundi. Si wa kuziba mipira ya magari, hapana. Wa moteur, injini yenyewe. Mimi niliishia darasa la sita, lakini tumbo hili limetoa mtoto anayeifungua moteur nzima na kuifunga tena bila skrubu moja kubaki mezani. Wanaume watatu wa garage wanamwita wamuulize. Niseme nini zaidi? Mungu alinipenda.

Bon. Patron wake, mwenye garage, amempa taxi ya zamani ambayo wenzake waliikimbia. Bloku ni ya gari moja, pistoni za gari lingine, na culasse, kile kifuniko kizito cha juu, Riziki aliitoa Kabondo kwa Papa Dieudo, muuza vipande vya magari yaliyokufa. Patron alisema mbele ya wote: moteur ikisimama, Riziki atakuwa mkubwa wa moteur zote pale. Ikivunjika, atarudi kuosha vipande ndani ya mazutu, dizeli ile, kama mwanafunzi wa jana.

Vipande ambavyo havikuzaliwa pamoja, hakuna kitabu kinachokuambia vitaelewana vipi. Lazima upime. Riziki alinieleza, na nilielewa mara ya kwanza. Pistoni ikiwa chini, hewa imejaa silinda. Ikipanda, hewa yote inabanwa ndani ya kachumba kadogo kaliko kwenye culasse. Unachukua nafasi ile kubwa, unaigawa kwa ile ndogo, unajua hewa imebanwa mara ngapi. Wanaita taux de compression. Kwa essence yetu hii, petroli ya chupa, ya kando ya barabara, yeye alitaka tisa. Ikizidi sana, moteur inagonga mpaka pistoni zinatoboka. Ikipungua, gari halina nguvu hata ya kujivuta lenyewe.

Jumanne alitaka kupima kale kachumba. Sindano yake ya kupimia ilikuwa imekwama, mpira wake umevimba kwa essence. Akanijia nyumbani.

“Mama, unipatie kale kachupa kako ka mafuta. Chini kameandikwa soixante.”

Ni kichupa cha sirop ya watoto, cha kioo cha kahawia, ambacho napimia mawese kwa wanaotaka ya chungu kimoja tu. Nilimpa kwa furaha. Nikawaambia na majirani: mnaona, vyombo vyangu vya soko vinatengeneza moteur!

Aliigeuza culasse, akaweka joint yake, ile gasketi, na plastiki ngumu juu yenye tundu, akamimina mazutu. Kichupa kizima kiliingia, ile soixante ya chini. Sitini. Silinda yake inameza mia nne. Jumlisha na kachumba: mia nne na sitini, gawa kwa sitini: saba na nusu na kitu. Akarudia. Saba na nusu tena.

Na ndani ya mazutu vilielea vipande vyeupe, vidogo, laini.

Hapo mimi nilijua yote. Papa Dieudo! Huyo mtu hucheka kabla hajajibu. Siku ya kumuuzia alimwongezea Riziki boulons, bolti nne bure, na muuza vipande akikupa kitu bure, kuna kitu kingine amekificha. Nikaona wazi: culasse ina ufa, ameuziba kwa mastiki nyeupe, na tena si ya gari alilolitaja. Riziki hakusema hivyo. Alisema tu kwamba Alhamisi ataipeleka kwa tourneur, yule wa mashine ya chuma, ikwanguliwe, kachumba kapungue, taux ipande ifike tisa.

Mimi sikungoja. Jana nilivichukua vile vyeupe ndani ya karatasi, nikaenda Kabondo.

Watu walikuwa wamejaa pale kwake. Nilimwita mwizi. Nilimwita hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wa nyuma hawakusikia.

“Eh, Mama Riziki! Unanitukana mbele ya batu sababu ya nini?”

“Sababu ya mastiki yako! Mtoto wangu ana jicho, hujui?”

Alichukua kipande kimoja, akakisugua kati ya vidole, akanusa. Akacheka, kama kawaida yake.

“Mama, iyi haiko mastiki. Iyi iko bougie, ile ya kumulika usiku. Nani anatiaka bougie ya nyumba mu moteur?”

Wote wakacheka. Mmoja akauliza kama courant ya umeme imekatika mpaka ndani ya pistoni.

Mimi nilivikunja vile vyeupe tena ndani ya karatasi.

Mshumaa. Nani anatia mshumaa? Mimi.

Niandike tu, kwa sababu hapa nilisema sitajificha. Mwaka Riziki alipoanza shule ya ufundi, baba yake alikuwa ameshatuacha. Niliyeyusha bougie, nikamimina ndani ya kile kichupa, ikaganda chini. Kioo cha kahawia, mawese mekundu, nani ataona? Kila mteja alipoteza vijiko viwili. Na kwa vijiko vya watu mwanangu alisoma. Miaka ikapita, mkono ukazoea, nikasahau kabisa kwamba imo. Mazutu hayakusahau, yaliilainisha na kuibandua.

Nilirudi nyumbani. Riziki alipokuja kula nilimtazama, nikasema chumvi imezidi. Uongo. Chumvi ilikuwa sawa.

Leo asubuhi nilisikia mlango. Ameondoka mapema kuipeleka culasse. Chuma kikishakwanguliwa hakirudi, hata mimi wa darasa la sita najua. Kichupa chenye mshumaa hakibebi sitini, basi kachumba hakakuwa ka sitini. Angekapunguza bure, moteur ingegonga na kuvunjika, na wale wanaume wa garage wangemwambia patron: si tulikuambia, ni mwanamke?

Nikaingia kwenye mvua, nikapanda toleka. Yule wa baiskeli alilalamika juu ya kilima, nikashuka nikasukuma naye. Nilimkuta Riziki mlangoni kwa tourneur, culasse kwapani imefungwa na kitenge changu.

Nilimwambia hapo hapo, nimesimama kwenye maji.

Alikwenda pharmacie ya jirani, akaleta sindano mpya, akaigeuza culasse juu ya benchi ya yule mtu. Kumi, kumi, kumi, kumi, kumi. Ikajaa. Hamsini. Mia nne na hamsini, gawa kwa hamsini.

Tisa. Tisa kamili, bila kukwangua hata unywele.

Papa Dieudo alimpa mwanangu culasse nzuri kuliko zote za Kabondo.

Riziki aliuliza kitu kimoja tu: “Tangu lini, Mama?” Nikamwambia. Alitoa kichupa mfukoni, akakwangua mshumaa wote kwa waya, akakiosha na essence, akanirudishia. Sijui kama amekasirika au ameona haya kwa ajili yangu. Namchunguza kama nilivyomchunguza Papa Dieudo, sipati kitu.

Kesho naanzia Kabondo. Nitasema mbele ya wale wale, na kwa sauti ile ile, ili hata wa nyuma wasikie.

Hilo nitaliweza. Ninachoogopa ni kinachofuata. Nitakaa mezani pangu, nitapima, na mteja wa kwanza ni yule Mama wa watoto saba anayekuja kila Ijumaa. Jicho lake ni kali. Ataona mawese yamepanda ndani ya bakuli lake kuliko siku zote, ataniangalia, ataniuliza leo kuna nini.

Nitamjibu nini?