Farasi Nyuma ya Kabichi

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Idrisa,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia hapa Gare, sote wazima, na mapeasi yamekubali mwaka huu. Nimefurahi zaidi kusikia lile gari la mbio uliliendesha mara moja tu, ukamrudishia mwenyewe. Sasa nimepumua.

Unauliza enzi zetu lipi lilikuwa na nguvu farasi nyingi, la Kijapani au la Kijerumani, maana siku hizi unasema la Kijapani linaongoza. Wakati ule la Kijerumani lilizidi, ila la Kijapani lilikuwa jepesi. Najua kwa sababu babu yako, kabla hajanioa, aliazima la Kijapani ashindane na rafiki yake mwenye la Kijerumani, kutoka Lushoto hadi Mombo, barabara ya kona na makorongo.

Siku hiyo nilikuwa ndani ya lori la baba, tumepakia kabichi. Tulipopita Soni, baba akawaona kwenye kioo. Akaweka gia namba mbili, akakaa katikati ya barabara, akipiga honi kila kona kama tufanyavyo mlimani kwetu. Nao wakapiga honi wee, hakuwapisha. Farasi wote wale wakateremka polepole nyuma ya kabichi.

Tulipofika Mombo wakamfuata baba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mlikuwa mnawahi wapi?"

Wakarudi kwenye magari yao.

Babu yako yuko hapa pembeni, bado anasema bila zile kabichi angeshinda. Mimi nazishukuru. Bila hizo, leo nisingekuwa na mjukuu wa kumwandikia.

Bibi yako